Choki Ina Moto

Tunduma,
6 Novemba 1997

Kwa Jastin,

Jicho la kushoto la Mama limekufa. Ameyasema hayo daktari wa zamu Jumanne tarehe 4, saa tano asubuhi, mbele yangu na mbele ya Mama, ambaye alimwuliza kama amemaliza. Ugonjwa ni presha ya macho. Jicho la kulia bado linaona mwanga na kivuli cha mtu. Upasuaji unaweza kuliokoa, lakini wanaoufanya ni madaktari wageni wanaofika Mbeya mara mbili kwa mwaka. Oktoba tuliwakosa. Watarudi Jumatatu, 20 Aprili.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Natumaini na wewe u mzima huko Kitwe, ingawa kwa miaka saba hukuona haja ya kunijulisha.

Tuliwakosa madaktari kwa sababu ya gari la Baba. Pijo linawaka kila asubuhi kwa mara ya kwanza. Likishatembea likapata joto, ukilizima haliwaki tena mpaka lipoe. Ukigeuza ufunguo starta inatoa mlio mmoja mdogo na taa za dashibodi zinafifia. Tuliondoka Iyula saa kumi na mbili alfajiri. Kizuizini karibu na Senjele askari aliniamuru nizime injini akague. Alikagua dakika nne. Sisi tulikaa pale kwa muda wa saa tatu na nusu, kisha tukavutwa na lori la viazi hadi Mbeya. Orodha ya wagonjwa ilikwisha kufungwa.

Fundi wangu hapa ni Sunday, anayedai alijifunzia kazi Ndola. Nadhani aliipita Ndola akiwa ndani ya basi. Amebadili betri, koili, platini na kaboni za starta. Amefunga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya petroli. Kila mara ananiambia, "Sasa tayari, mzee," na kila mara anasema uongo.

Nilimwambia Mama tutakodi teksi. Amejibu kwamba alikwenda kumzika mume wake kwa teksi na hatapanda nyingine. Basi linamtapisha. Atakwenda na Pijo au hatakwenda.

Baba alikuwa akisema unausikia ugonjwa wa gari kwa sikio. Baba alisema mengi. Jibu upesi.

Kaka yako,
Enoka

---

Kitwe,
2 Desemba 1997

Mukwai Kaka,

Pole kwa jicho la Mama. Pole hiyo ni ya Mama, si yako. Mimi, mke wangu Restuta na watoto ni wazima. Gereji ina kazi. Watu wa huku wakiharibikiwa na gari humwona fundi kabla ya miaka saba kupita.

Nimesoma barua yako mara mbili. Gari lile nililishika tangu nikiwa na miaka kumi na tano, nikilijua kila bolti, na wewe ulikuwa unakuja Krismasi na daftari lako kutuuliza bei ya kahawa. Siku ya kuanua matanga ukoo ukakupa wewe, kwa kuwa ulizaliwa kwanza. Haya, mzaliwa wa kwanza, fungua boneti. Ni kile kifuniko kikubwa cha mbele.

Taa zikififia ni umeme, si petroli, kwa hiyo huyo Sunday wako avue kitambaa chake akafutie meza. Vichwa vya betri visuguliwe kwa msasa mpaka ving'ae. Waya mnene wa kutoka betri kwenda starta ubadilishwe, uwekwe mpya, mnene kama kidole. Waya mwembamba wa kutoka swichi kwenda starta nao ukaguliwe.

La mwisho ni choki, ile ya kuvuta kwenye dashibodi injini ikiwa baridi. Najua haikai, ukiivuta inarudi, ndiyo maana tangu enzi za Baba ni kazi ya Mama kuishikilia gari linapowashwa. Gari likiwa na joto choki haivutwi. Mwambie Mama aiache. Mwambie kwa adabu, kama unaijua.

Mdogo wako,
Jastin

---

Tunduma,
11 Januari 1998

Kwa Jastin,

Salamu za mwaka mpya. Mvua zimekata barabara ya Iyula mara mbili, hivyo majibu yamechelewa. Hali yangu ni nzuri. Hali ya Mama: kivuli cha mtu sasa anakiona mlangoni tu, penye mwanga mwingi. Usiniite mukwai. Nafahamu Kibemba cha kutosha kujua ni neno la heshima na kwamba wewe hulitumii hivyo.

Niliyaagiza yote matatu na nikasimama pale Sunday akiyafanya. Vichwa vya betri vinang'aa. Waya mnene ni mpya. Waya wa swichi ni mzima. Matokeo: gari likiwa baridi, nimewasha mara ishirini, limewaka mara ishirini. Likiwa na joto, nimejaribu mara tisa, halijawaka hata mara moja. Hayo ndiyo mavuno ya fundi mkuu wa Kitwe. Sunday angalau hanitukani.

Kuhusu choki, nilimwambia Mama. Hakuacha. Anasema gari haliwashwi bila mtu wa choki, na Baba hakuwahi kumwambia aiache. Tena ana maelezo yake mwenyewe kuhusu ubovu. Anasema choki ina moto. Kwa hiyo sasa nina mafundi umeme wawili, mmoja yuko Kitwe na mwingine haoni.

Zimebaki wiki kumi na nne.

Kaka yako,
Enoka

---

Kitwe,
1 Februari 1998

Kaka,

Sisi wazima. Mpe Mama salamu zetu zote.

Choki haina moto. Haijawahi kuwa na moto tangu gari lile litoke kiwandani. Moto unapita kwenye nyaya: kutoka betri kwenda swichi, kwenda koili, kwenda taa. Choki ni uzi wa chuma ndani ya mrija, ukivuta huku, kule kwenye kabureta kifuniko kinajifunga. Ni kamba. Utaweka moto kwenye kamba ya mbuzi?

Umekaa gazetini miaka ishirini na sita ukilipwa kwa maneno, halafu unaniandikia neno moja bila kuuliza maana yake. Moto upi? Wa waya au wa jiko? Muulize aliyelisema. Ndiyo kazi uliyokuwa ukijivunia.

Mdogo wako,
Jastin

---

Iyula,
20 Februari 1998

Kwa Jastin,

Nakuandikia nikiwa kwa Mama. Ni mzima wa mwili. Anakusalimu wewe, Restuta na wajukuu.

Nilimwuliza: choki ina moto upi? Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Alisema, "Moto ni moto, Enoka. Ule unaounguza. Kuna mwingine?"

Nikamwomba mkono. Kidole gumba na cha shahada vina malengelenge mawili, moja limepasuka. Chini yake kuna makovu ya zamani. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu miaka mingi, mwanzoni ilikuwa joto tu, kama kikombe cha chai, sasa inaunguza hasa. Anaishika kwa pindo la kanga. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema," akajibu. "Ulikuwa unaendesha."

Sunday nilikuja naye. Tuliliendesha gari hadi Mlowo na kurudi, tukalizima. Nikakaa mahali pa Mama, nikaivuta choki, nikamwambia Sunday ageuze ufunguo asiuachie. Nilihesabu hadi sita nikaiachia. Moshi mwembamba ulitoka pale uzi unapoingia kwenye dashibodi. Sunday alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwa mara ya kwanza naamini alichosema. Mwandiko huu ni mbaya kwa sababu nashika kalamu kwa vidole vitatu.

Kwa hiyo kamba ya mbuzi ina moto wa aina zote mbili. Nieleze kwa nini.

Kaka yako,
Enoka

---

Tunduma,
15 Machi 1998

Kwa Jastin,

Salamu. Hujajibu. Barua ya tarehe 20 Februari niliikabidhi kwa dereva wa lori, akaniambia amekupa mkononi tarehe 24 na kwamba uliisoma umesimama, kisha ukafunga gereji saa nane mchana.

Zimebaki wiki tano.

Enoka

---

Kitwe,
29 Machi 1998

Kaka Enoka,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimeandika barua hii mara nne.

Umeme ukitoka kwenye betri na kuifikia starta lazima urudi. Njia yake ya kurudi ni mkanda wa ethi, mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na bodi. Injini ya Pijo imekaa juu ya raba, haigusi bodi. Mkanda usipokuwepo umeme unatafuta chuma chochote kinachogusa pande zote mbili. Mwanzoni ulikuwa unarudi kupitia bomba la moshi. Kutu ilipozidi, ukabaki uzi wa choki. Asubuhi starta ni baridi, inaridhika na kidogo kinachopita. Ikipata joto inataka umeme mwingi, na uzi ule hauwezi. Unawaka kama waya wa hita. Mama alikuwa ameshika ugonjwa wenyewe mkononi.

Mkanda niliufungua mimi. Ni asubuhi ya kesho yake baada ya kikao cha kuanua matanga, mlipokuwa bado mmelala. Bolti mbili, spana namba kumi na tatu. Nilidhani gari halitamaliza wiki, na kabla ya Krismasi utaniandikia unibembeleze. Halikufa. Nikajiambia fundi yeyote mwenye akili ameona na kufunga mwingine. Uliponiandikia taa zinafifia, nilijua hakuna aliyeona. Nikataja waya mnene, nikitumaini ukiwa mpya utatosha na sitalazimika kusema.

Mkanda upo. Umefungwa kwenye Datsun yangu, na Datsun inawaka. Sunday anaweza kufunga mwingine wowote, ni kazi ya dakika kumi.

Jicho la Mama sijui niseme nini. Msomee barua hii au usimsomee.

Mdogo wako,
Jastin

---

Tunduma,
8 Aprili 1998

Kwa Jastin,

Marahaba. Barua yako imefika Jumamosi.

Tulifungua boneti. Kuna matundu mawili, moja kwenye injini, moja kwenye bodi, yote yana kutu. Sunday aliunganisha hapo waya wa kuazimana moto wa betri. Gari likiwa na joto liliwaka mara kumi na moja kati ya kumi na moja. Choki ilikuwa baridi. Sunday amenikumbusha kwa upole kwamba kwa miaka saba nilimlipa abadili vifaa nilivyomtajia mimi, na kila alipoomba gari alale nalo siku mbili alitafute kosa, nilimwambia hana elimu hiyo.

Hata bila barua yako ningefika hapo. Nilizisoma zile mbili za kwanza tena, kalamu mkononi. Umetaja kila waya wa gari lile isipokuwa mmoja.

Nimemsomea Mama yote, neno kwa neno, pamoja na mstari wa kumsomea au kutomsomea. Nilimsomea pia daftari langu la mwaka 1994, ukurasa wa tarehe 14 Agosti: "Mama analalamika choki inaunguza. Upuuzi." Ni mwandiko wangu. Nilidhani haki ni atusikie sote wawili siku moja.

Aliuacha uji upoe. Kisha akauliza kama bado unayo spana ile. Nikasema sijui. Akasema, "Asitume mkanda. Aje nao. Aufunge mwenyewe, na mimi niushike nione."

Waya wa Sunday nimeufungua. Gari limerudi kuwa bovu kama ulivyoliacha.

Nitakuwa mpakani, upande wetu, Jumamosi tarehe 18, saa nne asubuhi kwa saa za Tanzania. Saa yako ya Zambia itakuwa inasema saa tatu, usiifuate. Utafunga mkanda Iyula Jumapili, Mama akitoka kanisani. Jumatatu tarehe 20 tunaondoka saa kumi alfajiri. Kizuizini wataniambia nizime injini, na nitaizima. Kuwasha ni juu yako. Choki atashika Mama.

Kaka yako,
Enoka