Picha ya Mkono wa Kushoto

Kasulu, Jumapili mchana

Mke wangu, Mama Zawadi,

Nakusalimu wewe na wote walioamka chini ya paa letu huko Masasi. Kifua cha mama kimetulia? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Wiki nzima tumepanga tanuri la matofali, na jioni nakaa chini kwa awamu kama mzee. Lakini leo siandiki kulalamika. Nina habari, na tangu jana hainipi usingizi.

Ni zile picha zangu, ambazo wewe unaziita makaratasi. Wakimbizi waliokuja huku zamani kutoka Kongo na Burundi ndio waliozitengeneza. Mtu anapaka nta ya nyuki juu ya bamba la bati, anachora kwa ncha ya msumari, anamwagia maji ya betri ili yalile bati pale alipochora. Kisha anapaka masizi na kugandamiza karatasi juu yake. Wakazitia kwenye fremu za mninga. Wenyewe wengi wamesharudi kwao au wamekufa. Ninazo sita, pamoja na mbili nilizoleta nyumbani Krismasi. Nikitoka kazini naziangalia, nasema huyu naye alifika hapa mgeni, hana kitu, akapata msumari.

Katika barua yako ulinicheka kwamba watu wa picha zangu wote ni mashoto, anayelima na anayesonga ugali. Sasa jibu ninalo.

Nilikuandikia kuhusu ya saba, kubwa kuliko zote, na wewe ukapiga msumari ukutani uisubiri. Iko Nyakitonto kwa Bibi Anastazia, shangazi yake Yotham ninayefyatua naye matofali. Jana tulikwenda. Tulimkuta anapepeta maharage.

"Wewe ndiye unayekusanya takataka za watu?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi chukua, baba, uniondolee aibu."

Picha ilikuwa imegeuzwa, uso ukutani. Akatueleza kwamba jirani yao kambini aliichora kama zawadi ya harusi yake. Baba yake anampa baba mkwe kibuyu cha pombe ya ndizi, na anampa kwa mkono wa kushoto. Baba mkwe alipoiona alisema, "Kumbe ndivyo mnavyotuona." Baba yake akaapa kwamba alitoa kwa kulia, na kushoto kumeshika kiwiko, kama desturi yao ya heshima. Hakusikilizwa. Hakukanyaga tena nyumba ya mkwe mpaka alipokufa.

"Na wewe bibi, uliona nini?" nikamuuliza.

"Bibi harusi anaona nini? Nilikuwa ndani, nimefunikwa."

Tukaigeuza. Kwa kukaa bila mwanga miaka yote, masizi yake ni meusi kama ya jana. Nikaifunga kwa kamba kwenye baiskeli, na ndipo nikaona kwamba mkono wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto. Nikakumbuka kalibu yangu ya kufyatulia matofali. Unajua nilivyochonga jina la tajiri ndani yake, nikaandika kama ninavyosoma, matofali yote yakatoka yameandikwa kinyumenyume, watu wakanicheka mwezi mzima. Bamba nalo ni kalibu. Mchoraji alichora alivyoona, karatasi ikageuza.

Ningeweza kunyamaza nikaondoka nayo. Nakwambia kweli, niliikokota baiskeli mpaka njiani. Halafu nikarudi.

Kioo changu cha kunyolea hakitoki mfukoni, maana bwenini vitu vinapotea. Nikamshikia bibi mbele ya picha, nikamwambia amtazame baba yake humo. Alitazama sana.

"Yotham," akasema, "njoo umwone babu yako. Ametoa kwa kulia."

"Kulia kabisa, shangazi."

Akafungua kamba mwenyewe. "Hii haiondoki, baba. Kuanzia leo itatazama watu."

Nikamwambia hata mimi nisingeitoa. Akaitundika, akakaa mbele yake na kioo mkononi, na mimi sikupata mdomo wa kukidai.

Kwa hiyo nilifuata picha, nikarudi na maharage aliyonipa bibi, na kioo nimekiacha. Lakini chukua zile mbili usimame nazo mbele ya kioo cha kabati. Utamwona yule mama anasonga kwa kulia. Mwite na Zawadi aone. Msumari usiung'oe, nasikia iko nyingine Kibondo.

Mpe mama pole ya kifua. Msalimie kaka yangu anayetutunzia mikorosho, na wifi yako mkunga. Mwambie shemeji fundi baiskeli kwamba kamba yake imara, ingawa safari hii haikubeba picha.

Ni mimi mumeo, Baba Zawadi. Ukinifungulia mlango usishtuke, ndevu zitakuwa zimenifika kifuani.