Kiti Nilichokiwekea Mkoba

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Najua ungekuwa karibu ungeshanifinya sikio, na ningestahili. Kila nikishika kalamu huyu mwanao niliyekuzalia anaamka, au usingizi unanichukua mimi kabla yake. Hujambo lakini? Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie aache ubishi na zile ngazi. Sisi huku wazima. Mwanao ameota meno mawili, sasa anamng'ata kila anayemchekea.

Nina habari ya kukuchekesha. Jumamosi nilikwenda uwanjani kutazama kriketi. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikiuona mpira shuleni najishika kichwa na kukimbia.

Pale kwa dobi ninapofanya kazi, kila Jumatatu huletwa gunia la suruali nyeupe za wachezaji, na nyingi zina doa jekundu pajani. Nazisugua mpaka vidole vinakunjamana. Siku zote nilidhani wale watu wanaumizana. Mwezi huu zimetoka safi kabisa, mtunza vifaa wa timu akaja mwenyewe kushukuru, akanipa tiketi mbili. Akasema niende na baba mtoto.

Basi nikambeba mtoto, nikaenda. Mwanzoni sikuelewa kitu. Watu wamesimama mbalimbali kwenye majani kama waliogombana. Kisha nikamwona mrushaji anausugua mpira mwekundu pajani ili ung'ae, tena na tena, kwenye suruali niliyoipiga pasi mimi! Nikaropoka kwa sauti kwamba kumbe mchawi wangu ndiye huyu. Mama mmoja mtu mzima, aliyesimama kando na chupa yake ya chai, aliposikia kwamba mimi ndiye mfuaji wao alicheka mpaka akashika mbavu. Akauliza kama kiti chenye mkoba wangu kina mtu. Nikamjibu kwamba mume wangu yuko njiani. Akasema haya, akabaki amesimama, ila kila baada ya muda aliniuliza kama huyo bwana anakuja kwa magoti.

Mara mpigaji akautandika mpira. Dada, ulipanda, ukapanda, nikasahau kupumua. Uwanja mzima ulisimama. Ukatua safu mbili nyuma yetu, na kule chini mwamuzi akainua mikono yote miwili: mbio sita, yaani alama sita kwa pigo moja! Nilipiga vigelegele. Sauti yangu niliishangaa, maana wiki nzima hunitoka ya kubembeleza mtoto tu. Mwanao naye akapiga makofi. Nikageuka kushoto kumwambia mtu, umeona? Nikakuta mkoba.

Nikauondoa. Nikamwambia yule mama akae, hakuna anayekuja. Alikaa, akampakata mtoto, akanimiminia chai.

Katika barua yako uliuliza mbona shemeji yako siku hizi analeta salamu tu, haongezi hata mstari kwa mkono wake. Dada, zile salamu zake nilikuwa naziandika mimi. Ana miezi mitano tangu aondoke. Mtoto alikuwa hata shingo hajakaza. Aliacha ufunguo mezani, neno hakuacha. Nilikuficha kwa sababu ulinikanya mapema juu yake, nami nikakujibu jeuri mlangoni mbele ya Mama. Ile jeuri ndiyo iliyonifunga mdomo.

Sasa umejua. Usimtafute, usimpigie simu, wala usimtume mjomba. Na usiniambie nirudi. Kazi ninayo, chumba ninacho. Mama msomee barua hii akiwa ameketi, na ukae naye hata akimaliza kulia.

Wasalimie wote hapo, mjomba na watoto wako, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako, mfuaji wa timu.

Vitu ninavyohitaji bado: nepi za kitambaa sita. Sweta ya mtoto, kubwa kuliko unavyodhani. Sufuria ndogo, maana niliyonayo inapika chakula cha watu wengi. Picha ya Mama, ile anayocheka. Lile shati ulilomshonea shemeji yako usilitume. Likate, mwanao atapata mawili.