Kikapu cha Dirishani

Lahore, ndani ya Lango la Delhi

Mdogo wangu Tufail,

Salamu zikufikie huko Uingereza kwenye baridi. Mimi sijambo. Mtaa wetu umekarabatiwa ukang'aa, hata ile roshani ya mbao aliyokuwa akikalia mama imepakwa mafuta. Watalii wanakuja makundi kwa makundi kuipiga picha.

Juzi kiongozi wao aliwaambia, "Hapa walipita wafalme wa Kimughali. Nyumba hii haina mtu, wenyewe walishahama zamani."

Nikatoa kichwa dirishani. "We kijana, hunioni? Au nami nilikufa na wafalme wako?"

Wakacheka, wakanipigia makofi. Walidhani ni maonyesho.

Majirani wote wamehamia nje ya ukuta wa mji wa kale. Muuza mikate anapita asubuhi, ananitilia mkate kikapuni bila kuinua macho, nami nakivuta kwa kamba kama alivyofanya mama. Sikukwambia: tangu Ramadhani miguu imekataa kushuka ngazi.

Usihangaike kuja, una watoto. Barua hii nayo naishusha kwa kikapu. Ukiipata, ujue yupo mtu huko chini aliyeangalia juu.

Dada yako,
Khurshid