Amsterdam mpaka Vienna, Kilomita Elfu Moja Kasoro Kidogo

Chege, dereva wangu,

Mimi siogopi ndege. Nimewaambia watu wote wa Molo, hata padri, kwamba ndege ni lori tu iliyokataa barabara.

Haya, wacha kunicheka. Naogopa mpaka chai imenishinda. Mimi ndiye nilikuwa tanboi wako miaka kumi na tisa, lori ikianza kurudi nyuma kwa mlima naruka nje na jiwe, naliweka chini ya gurudumu. Sasa niambie, huko juu mawinguni nitaliweka wapi?

Tangu tukuzike mambo ni mengi. Lori yako siku hizi inabeba mchanga, wameipaka rangi ya pinki, aibu tupu. Na Wambui wangu, yule ulikuwa unamletea madafu kutoka Mombasa, anafanya kazi Vienna. Jumatano watamfungua kifua wamtengeneze moyo. Alinipigia simu. "Baba, kuja. Sitaki kuamka nione wageni peke yao." Mama yake mko naye huko. Nani mwingine ataenda?

Viza ilichelewa, kwa hivyo nitafika Jumatano hiyo hiyo, yeye akiwa ndani. Nairobi mpaka Amsterdam ni usiku mzima, hiyo nitakoroma. Halafu nashuka, natafuta ndege ingine, peke yangu, na hii Kizungu yangu ya darasa la nne. Kutoka hapo mpaka Vienna ni kilomita elfu moja kasoro kidogo. Nikamuuliza Wambui tutalala wapi njiani. Akacheka mpaka akakohoa. "Baba, hata saa mbili haziishi!"

Chege, Molo mpaka Mombasa ni karibu kuliko hiyo na tulikuwa tunalala Mtito! Na kila nikiuliza kumebaki wapi, ulikuwa unaniambia, "Hapo tu, mzee, hapo tu," na hata Voi hatujaiona. Mwongo wewe. Lakini nilikuwa natulia.

Ile ndege ya usiku hainisumbui. Ni hii fupi. Unakumbuka tukimpelekea dada yako habari ya kifo cha mama yenu? Njia yote ulikuwa unajaribu maneno, unayatupa, unatafuta mengine. Siku ya pili tukafika kwa mlango wake na uso wako ulikuwa tayari. Mimi nitapewa saa mbili, na soda ndani yake. Kisha mlango wa hospitali, na mtu wa koti jeupe, na sijui atafungua mdomo aseme nini. Chege, mtu anapanga uso saa ngapi?

Lakini nitaenda. Suti nimepiga pasi. Nikirudi nitakuja kung'oa majani kwa kaburi lako, limekuwa kama shamba la kukodisha. Hiyo nakuahidi. Pumzika, ndugu yangu, na umsalimie mke wangu.

Kitu kimoja tu. Siku ile mke wako alikuja Salgaa kukutafuta, na wewe umejificha nyuma ya pazia kwa yule mama wa chapati, nani alisimama mlangoni akaapa hajakuona wiki nzima? Ni mimi. Sasa ni zamu yako. Mimi hao wa kuchukua roho wakinitaka, shauri yao. Lakini Jumatano wakija kuulizia Wambui huko kwenu, simama mlangoni. Sema hujamwona.