Jina Halikumuua Njau

Landless, Thika
Jumatatu

Mpendwa dada yangu Magdalene, mwari wa maitu, binti wa mama yetu,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo Theta. Natumaini mgongo umepoa na kwamba binti yako Shiko anakula vizuri. Sisi tupo. Tangu tumzike mwanangu Njau, nyumba imekuwa kubwa kuliko watu wake.

Unakumbuka binamu yetu Mburu alivyosema matangani, kwamba jina la Baba ndilo linalotuua. Baba, mzee Gachau, alianguka king'ora cha kiwanda kilipolia. Mjukuu wake wa kwanza, aliyerithi jina hilo kama desturi yetu inavyotaka, alianguka uwanjani kipyenga kilipopulizwa. Ndipo wazee wakaamua asiitwe mtoto tena Gachau, nami nikamwita kifungua mimba wangu Njau. Hata hivyo lori lilipiga honi pale Ruiru, naye akaanguka kando ya barabara. Nilipotaja hospitali, Mburu alinicheka, akasema mwalimu wa bayolojia kama mimi ana jina la kizungu hata kwa laana.

Nilikwenda nikapimwa. Nakueleza polepole, kama nilivyoelezwa. Kila seli ya mwili ina vilango vidogo mno kwenye utando wake, na kila aina hupitisha chumvi yake. Vya kloridi vikiharibika, mapafu hujaa makamasi mazito. Kwenye moyo, sodiamu ikiingia moyo unapiga. Potasiamu ikitoka unatulia, ukingoja pigo lijalo. Vyetu vya potasiamu ni vizito kufunguka. Moyo unachelewa kutulia, na mshtuko wa sauti ukiukuta hapo, unatetemeka badala ya kupiga. Mzazi mwenye kasoro hii humpa mtoto mmoja kati ya wawili, hata awe anaitwa nani. Wengine huzeeka nayo bila kuanguka. Mimi ni mmoja wao, na Njau aliipata kwangu.

Sasa nifike nilikokuwa nikikuzunguka. Wiki jana Shiko alikuja huku akapimwa. Anayo. Kule kuzirai kwake simu ikilia ghafla, tulikokuita uoga na kumtania, ndiko huko. Na kwa kuwa ni ya damu ya Baba, dada yangu, imemfikia kupitia kwako. Hakuweza kukutazama usoni akakwambia.

Yeye ameanza dawa, wewe bado. Leo hii ondoa saa ya kengele kitandani, na usinunue dawa yoyote dukani bila kumuuliza daktari, maana zipo zinazozidi kuvilemaza vilango hivyo. Alhamisi asubuhi nitakuja nikupeleke. Msifunge geti, sitaki kubisha.

Wasalimie majirani, na Mungu akulinde hadi nifike. Shiko aliyekukabidhi barua hii yuko hapo karibu, anangoja. Ukimaliza kusoma mwite, kwa sauti ya chini.

Ni mimi kaka yako,
Kang'ethe