Honi ya Baba Darajani

Troyeville, Johannesburg
17 Septemba 2017

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao Shufaa. Natumaini magoti yamekupunguzia adhabu, na mbuzi wa jirani hajamaliza mchicha wako. Mimi ni mzima. Mjukuu wako Ummi naye mzima, isipokuwa Kiswahili chake ndicho kinachoumwa: namwuliza jambo kwa lugha yetu, ananijibu kwa Kizulu. Barua hii anakuletea Chiku, rafiki yangu wa Tanga mjini ninayeshona naye, anayerudi kwa ndege kumwoza binti yake. Najua atakayekusomea ni Zubeda. Mdogo wangu, nakujua ulivyo na haraka: soma yote, usiruke hata mstari mmoja.

Mama, nimekutana na injini ya moshi. Usicheke. Karibu na mtaa wetu kuna reli, na treni zake za umeme hupita bila hata kukohoa. Mwezi uliopita, Jumapili asubuhi, nilikuwa naanika nguo nikasikia honi ambayo sijaisikia tangu nina miaka kumi. Vibanio vikanianguka vyote. Watu walitoka kutazama moshi, mimi nikabaki nimeshikilia kamba ya nguo, nalia.

Jirani yangu Héritière, msusi wa Kikongo, ndiye aliyenieleza kwamba kule Germiston kuna chama cha wapenda injini za zamani, na siku nyingine huzitoa kutembeza watu. Mjomba wake, Mzee Ruphin, hulinda maofisi Midrand siku za kazi, na Jumapili huenda kuzisafisha bila kulipwa, kwa sababu ujanani alikuwa mchochea moto kwenye reli ya Lubumbashi. Nilimsumbua hadi Jumapili iliyopita akanichukua.

Ninavyotamani baba angekuwepo! Wanaiita 15F. Imeundwa na Waingereza kama ile aliyoiendesha baba, kibao chake kimeandikwa Glasgow, na Mzee Ruphin anasema haikuwa ya kuchagua kazi: leo mabehewa ya makaa, kesho abiria wenye suti zao. Tofauti ni kwamba ya baba ilikunywa mafuta mazito, hii inakula makaa ya mawe, na reli ya huku imeizidi yetu upana kama vidole vinne. Lakini ule mvuke, mama, na harufu ya grisi ya moto! Ni shati la baba lile, kabla hujalitia majini.

Unakumbuka kila dereva alikuwa na mkono wake kwenye honi. Wake baba, Mselem bin Pandu: mbili ndefu, moja fupi, kisha ndefu inayofifia, akivuka daraja kuingia Korogwe. Sisi kwenye kota za reli tulikuwa hatuna haja ya saa. Ukiisikia tu unabandika sufuria, na mpaka akabidhi injini na kunawa masizi, wali umekauka vizuri. Madereva wengine walipiga honi zao mchana kutwa, na hukuinuka hata mara moja.

Dereva wa Germiston ni mzee wa Kizungu, mpole. Mzee Ruphin alimwombea ruhusa kwa niaba yangu, naye akasema kabla ya kuondoka honi lazima ipigwe, basi na nipige mimi. Nikapandishwa juu, nikavuta kwa mikono miwili. Mbili ndefu, moja fupi, kisha ile inayofifia. Nilidhani nimeisahau. Nilipomaliza, Mzee Ruphin alikuwa amevua kofia, akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, njo ikiwa ndiyo:

"Mama, ile haiko honi tu. Ile njo bwana anaambia muke yake: niko nakuya."

Maneno hayo hayajaniacha wiki nzima, kwa sababu kuna mahali nilisema nakuja nisije.

Zubeda, hapa ndipo usiruke.

Mama, baba alipofariki mwaka 2011 niliwaambia nakuja, kisha nikawaambia nimelazwa hospitali. Sikulazwa. Sikuwa naumwa hata kichwa. Nilifika stesheni ya Park na begi langu, basi likiwa mbele yangu, nikarudi nyumbani. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa za ukimbizi. Ningevuka mpaka nisingeruhusiwa kurudi, na Ummi alikuwa na miaka kumi na mitatu, hana mwingine. Niliogopa kuwaambia, maana nilikuwa nimewadanganya kuwa mambo yangu yako sawa. Siku mnamzika nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule. Na jioni ile Zubeda akanipigia simu kuniambia kwamba baada ya kumwombea baba, umewaomba watu wasiondoke kwanza, wanisomee dua na mimi nipone. Nikaitikia amina.

Nimeishi na amina hiyo miaka sita.

Karatasi bado ni zilezile, lakini Ummi sasa ana chumba chake chuoni Braamfontein. Nilimweleza yote. Akaniambia kwa Kizulu niende. Cherehani namwachia Héritière. Jumanne ya tarehe 26 napanda basi, na nikitoka nimetoka. Nimeona heri uyajue haya kabla, nisije nikakaa mkekani kwako nikala wali wako na uongo tumboni.

Nisalimie wote wa kotani waliobaki, na umwambie Zubeda asante kwa kusoma hata palipomuuma.

Inshallah nitafika Korogwe Jumamosi ya tarehe 30, jioni. Sitakuuliza kama umenisamehe. Honi nimeshapiga, mama. Nikikuta umebandika sufuria, nitajua.

Mwanao,
Shufaa binti Mselem