Jogoo Mwenye Pete Nyekundu

Edinburgh, Uskochi
Machi 2007

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu ingawa najua wiki hizi unazikwepa salamu zangu. Nikipiga simu ya Kiprono mchana naambiwa uko shambani, nikipiga jioni naambiwa umelala, na huyo kaka yangu hajawahi kujua kudanganya. Basi nimechukua karatasi, maana barua huwezi kuikimbia. Goti linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Baba bado anakohoa, ama ameacha kubishana na daktari akameza dawa? Mvua imefika Rongai? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza ujue sina hasira na wewe hata kidogo.

Huku baridi imekataa kwenda. Nakula mkate na supu ya kopo, na usingizi umenihama. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mjane, huniuliza kila asubuhi kama nimepata jibu. Nikimwambia bado, ananitazama kama mtu aliyefiwa, halafu ananiongezea chai.

Nafikiri hakuna aliyekueleza vizuri yule mzungu alikuja nyumbani kufanya nini. Kiprono alikwambia ni mwalimu wangu. Hapana, Mama. Kuna mfuko huku unaowasaidia watafiti wachanga, wale waliogundua kitu maabarani lakini hawana uwezo wa kukifikisha dukani. Ndio walionipa nafasi ya kujaribu kidonge changu cha kuwakinga kuku na ugonjwa wa kideri, kile mnachoyeyusha kwa maji kidogo na kumdondoshea kuku jichoni. Unajua shida ya chanjo ya madukani: chupa moja ni ya kuku wengi mno, na inataka barafu njia nzima kutoka Nakuru. Mwenye kuku kumi ataipeleka wapi? Changu ni cha kuku wachache na kinakaa kabatini pamoja na chumvi. Lakini hawatoi msaada wa pili, ule wa kutengeneza dawa yenyewe kwa wingi, mpaka mtu wao, ndiye huyo mzungu, awaone kuku kwa macho yake. Wakikataa, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na kidonge kisichohitaji friji kitabaki kwenye friji ya watu.

Zile pete nyekundu za miguuni zilikuwa alama ya kuku waliopewa dawa. Na sheria yao ni hii: kuku mwenye pete asipoonekana siku ya kuhesabu, anaandikwa amekufa.

Sasa fikiria mimi nimesimama kwenye ngazi ya maabara, simu sikioni, namsikia Kiprono akikohoa kohoa.

"Naomi, kuna kitu kidogo imetokea. Huyo mgeni tumempikia jogoo. Ile kubwa. Ile ya pete."

Nikamuuliza wewe ulikuwa wapi wakati huo.

"Mathe ndio alichinja," akasema.

Alinisimulia yote. Kwamba uliamka kabla ya Baba, ukamshika yule jogoo wa mbegu mwenyewe, ukasonga ugali, ukatoa na kibuyu cha maziwa ya mursik. Kwamba mgeni aliwekewa hata firigisi, na Baba akakubali, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona. Mzungu akala, akaomba mchuzi tena, akapangusa mikono, ndipo akatoa karatasi zake akaanza kuhesabu. Hesabu ikakataa. Wakatafuta chini ya ghala, wakaenda mpaka kwa Mama Njeri, jirani. Wewe ukaingia jikoni ukarudi na pete kwenye kisahani, umeiosha vizuri. Kiprono anasema mgeni alitazama kisahani, kisha akajitazama tumbo, na aliyecheka ni Baba peke yake.

Mimi pia nilicheka, Mama. Halafu nikajifungia chooni nikalia. Nilikumbuka vile husemwa kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Wetu tulimkinga na kideri, akaliwa na mkaguzi.

Alhamisi iliyopita waliniita mbele ya jopo. Meza ndefu, maji kwenye glasi, na yule mgeni wako ameketi mwisho kabisa, hanitazami. Nilikuwa nimejiandaa kujibu kuhusu joto, kuhusu bei, kuhusu nani atauza dawa vijijini. Hayo waliyapita haraka. Kisha yule bwana akatoa ile pete mfukoni akaiweka mezani. Kumbe alisafiri nayo. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya mnyororo, akaniuliza, "Huyu mkulima hakuelewa thamani ya yule jogoo?"

Nikamwambia, "Alielewa. Ndiyo maana alimchinja."

Nikawaeleza, Mama, naomba unisamehe kama nilianika mambo ya nyumbani. Niliwaambia kwamba kila mwaka kabla ya Krismasi ulikuwa ukiwafunga kuku miguu na kuwapeleka wote kwenye hoteli za Salgaa, wapikiwe madereva wa malori, kwa bei yoyote utakayopewa, kwa sababu Krismasi ikipita kideri huja, na afadhali kuuza kuliko kuzika. Niliwaambia Januari kwetu hakuwiki kitu. Niliwaambia kuhusu siku ile Shangazi alikuja kutoka Molo kutuona, ukamchemshia mayai mawili, ukabaki jikoni unalia ili asikuone. Krismasi hii hukuwapeleka Salgaa. Januari kuku wa Mama Njeri wakafa ng'ambo ya ua, ukamsaidia kuwazika, na wako wakaendelea kuchakura. Mgeni alipokuja ukamtolea aliye bora. Nikamalizia hivi: "Mtu anayeogopa kesho hachinji jogoo wa mbegu."

Yule mama akaandika kwa muda mrefu. Mgeni wako akasema tu kwamba ule mchuzi ulikuwa mzuri sana. Wakaniambia jibu litakuja kwa posta, na tangu siku hiyo, kila nikisikia tarishi akisukuma barua mlangoni, nashuka ngazi bila viatu. Bado halijafika. Naogopa, Mama. Wanaweza kusema maneno matamu hayajazi pengo la hesabu, na watakuwa na haki yao.

Lakini kuna lingine lililonikosesha raha kuliko jopo. Jana Kiprono aliponyokwa na maneno. Eti tangu siku ile umepiga marufuku kuku kuchinjwa hapo nyumbani. Eti kila jioni unahesabu pete kabla ya kufunga kizimba. Pasta alikuja akapewa chai. Shangazi naye akaja na kiroba chake cha viazi mgongoni, akapewa chai na mkate, na Kiprono alipomsindikiza barabarani akamuuliza kama kuna kosa amekufanyia. Mama, wewe? Wewe uliyetufundisha kwamba mgeni aje ndipo mwenyeji apone?

Msalimie sana Baba, umwambie deni la firigisi nitalilipa mimi mwenyewe. Msalimie Kiprono, na asijaribu tena kunidanganya, hana kipaji. Mpe Mama Njeri pole yangu tena. Vidonge vilivyobaki viko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Akipata vifaranga wengine, wadondoshee. Kazi ya kuhesabu kwenu imeisha, hakuna mtu atakayekuja kuuliza.

Kwa Shangazi usinipelekee salamu za mdomo. Mwite Jumapili, mchinjie jogoo, na awe mwenye pete. Pete usiioshe, itupe. Jibu la hawa watu likija zuri, tutashukuru. Likija baya, nitalia huku na nitanyamaza. Ila usilingoje ndipo umpe mtu kuku. Dawa hii nilianza kuitafuta siku ya yale mayai mawili.

Ni mimi mtoto wako, niliye mbali na jiko lako,
Naomi